Picha ya Maksai wa Kuazima

Barua za kaka yangu kutoka vitani zilianza zote kwa namna moja: "Mama mpendwa, mimi ni mzima wa afya, niko mahali ambapo siruhusiwi kupataja." Siri hiyo ilitunzwa na jeshi zima, lakini si na watu wa boda boda wa Lodwar. Yule aliyeniletea barua ya kwanza dukani kwangu Kanamkemer alinitajia nchi, mji, na hata upande wa mji ambako kambi ilikuwa.

Kambini simu zilichukuliwa, na mama hakusoma, basi kila barua niliipeleka mwenyewe kwake Namoruputh nikamsomea kwa Kiturkana. Aliijibu hapo hapo, kana kwamba kaka ameketi mbele yake.

"Chakula ni kingi," nasoma.

"Mwongo huyo," anasema mama. "Endelea."

Kila barua iliishia kwa maksai. Kwetu kijana huchagua maksai mmoja, humpinda pembe tangu angali mdogo, humtungia nyimbo, na wenzake humwita yeye kwa rangi ya mnyama huyo. Wa kaka alikuwa mweupe mwenye madoa mekundu shingoni, pembe ya kushoto imeshuka hadi shavuni. Serikali ilimpa kaka bunduki, kofia ya chuma na namba. Jina analolipenda alipewa na ng'ombe.

Barua ya tatu ilipofika ikiuliza habari zake, ukame ulikuwa umemuua siku mbili kabla. Mama alikwisha kumvua kengele ya shingoni na kuificha.

"Mtu anayerushiwa risasi haambiwi msiba kama huu," alisema. "Moyo utamvunjika, na huko ukivunjika moyo hutarudi tena. Mwandikie amenenepa."

Nami, mwalimu wa watoto kanisani kila Jumapili, nikaandika amenenepa.

Barua ya nne ilikuwa fupi. Kaka alilalamika kwamba huko kuna joto mno, hapati usingizi. Tulicheka! Mtu aliyezaliwa Turkana analilia joto! "Jeshi limeniharibia mtoto," alisema mama, ameshika mbavu. Halafu nikasoma mstari wa mwisho: atumiwe picha ya maksai. Kicheko kikaisha.

Nilikwenda Kakuma, kwenye soko la mifugo, kwa mfanyabiashara mmoja mkimbizi kutoka Sudan Kusini. Nilikuwa nimesikia ana maksai mweupe mwenye madoa. Nilimsalimu "ejok", nikazungukazunguka na maneno, simu ya kupigia picha mkononi.

"Sista, wewe nataka nyama ama nataka picha?"

"Picha."

Akaangalia simu yangu, kisha maksai wake. "Ile ya kwenu imekufa. Na mwenyewe iko mbali." Watu wa kwao nao wanajua kumpenda ng'ombe. Alitoa kitambaa akampangusa maksai pua, apendeze.

Tatizo lilikuwa moja: pembe iliyoshuka ilikuwa ya kulia. Mwenye duka la picha aliigeuza picha nzima kwa kompyuta, pembe ikahamia kushoto, nami nikajiona mjanja kuliko shetani. Nikaituma.

Jibu likaja. "Maksai nimemwona, asanteni. Nimeona pia kwamba tangi la maji nyuma yake limeandikwa KAKUMA kutoka kulia kwenda kushoto. Kweli elimu imepanuka huko. Nami nawatumia picha yangu."

Njia ya mwongo ni fupi. Yangu iliishia kwenye tangi.

Katika picha yake kaka alikuwa ameketi nyuma ya meza, meno yote nje. Mimi niliona tabasamu tu. Mama hasomi herufi, lakini picha anazisoma. Aliigeuza akatazama nyuma yake, kana kwamba sehemu iliyobaki ya mtoto iko huko.

"Askari gani hupigwa picha amejificha nyuma ya meza?" aliuliza, akanisukumia kalamu. Niliogopa. "Andika. Maksai amekufa. Nimechoka kuwa na mtoto mzima wa afya kwenye karatasi. Aje alivyo."

Nikaandika hivyo hivyo, bila kuongeza neno.

Kaka alikuja kwa ndege hadi Lodwar, kwa mikongojo miwili, mguu mmoja wa suruali umekunjwa na kubanwa kwa pini. Mama hakulia. Alimpa ile kengele. Kaka aliitikisa mara moja, akaishika isilie tena.

"Alikufa lini?"

"Barua ya tatu," alisema mama.

Kaka akatikisa kichwa, akainama kutazama ile suruali. "Basi alinitangulia. Mguu huu ni wa barua ya nne. Ile ya joto. Ilikuwa homa."

Mama alinitazama, nami nikatazama chini. Barua ile tuliicheka mpaka mbavu zikatuuma.