Kadi za Njia

Baba yangu anasoma msahafu bila kukwama. Herufi za shule, zile zinazoanzia kushoto, hazijui hata moja. Na bado ameendesha kamyo, malori ya depo yetu kule Zone Industrielle, mtaa wa viwanda, tangu mimi sijazaliwa, wala hajapotea. Ukimwambia Kayanza, mzigo unafika Kayanza. Ukimwambia Makamba, anashika njia ya ziwani na kesho yake amerudi anaulizia chai. Mimi ndiye bintiye niliyesoma, na ni yeye aliyenibembelezea kwa sheefu, mkubwa wa depo, mpaka nikapata meza bilo, ndani ya ofisi.

Mwaka jana sheefu alichoshwa na karatasi za mizigo, kila mtu anaandika anavyojua. Akaniagiza nitengeneze vifupisho vya kudumu: namba ya barabara, halafu herufi tatu za mji, basi. RN1 KYZ, Kayanza. RN3 RMG, Rumonge. RN3 MKB, Makamba. RN5 CBT, Cibitoke. RN2 GTG, Gitega. Nilivimba kichwa, sitadanganya. Nilibandika orodha ukutani na kuwasahihisha watu wazima kama mwalimu wa darasa la kwanza.

Kisha sheefu akasema madereva wote watapimwa. Namba za barabara walikuwa wanazijua, kwa hiyo mimi nitawaonyesha kadi za herufi peke yake, na atakayeshindwa atarudisha ufunguo wa kamyo. Ningeweza kusema pale pale kwamba baba hasomi, na kwamba kumtajia mji kwa mdomo kunatosha. Niliona haya, mimi mwenye diploma, kuwa na baba wa namna hiyo.

Wiki nzima, baada ya asri, tulikaa mkekani nyumbani kwetu Buyenzi na kadi tano za katoni. Baba alitaja miji yote bila kukosea, nikafurahi. Siku ya nne kadi moja ilinidondoka, nikairudisha mahali si pake, naye akasema Rumonge kwenye Gitega. Ndipo nilipojua kwamba hasomi kitu, ameshika mpangilio tu. Yeye mwenyewe hakunificha.

"Mama," aliniambia, maana ndivyo anavyoniita, "macho yangu imezoea msahafu. Siku ile we toa kadi vile tunatoa hapa. Mi bila kamyo niko nani?"

Nilimwahidi. Wallahi nilimwahidi kwa mdomo wangu.

Siku yenyewe tulisimama uani kwenye depo, madereva watano, wapakiaji wakitazama kutoka mlangoni. Kadi nilizishika mimi, kama sheefu alivyoagiza. Nilikuwa nimesikia minong'ono tangu asubuhi kwamba nitambeba baba yangu, na minong'ono ile ilinichoma. Wale wanne wa kwanza walipita. Zamu ya baba ilipofika, sheefu alikuwa ametugeuzia mgongo, anaongea na simu. Hakuna aliyeniambia nichanganye kadi. Nilizichanganya mwenyewe, mbele ya watu wote, tena taratibu ili waone vizuri.

Baba aliona mikono yangu. Nilinyanyua kadi ya kwanza, MKB. Hakuitazama, alinitazama mimi.

"Kayanza," alisema.

Mpakiaji mmoja alicheka. Nikanyanyua ya pili, CBT, naye akasema Rumonge, sauti imeshuka. Sheefu alikuwa amemaliza simu yake. Kwa ya tatu baba hakujaribu. Alisema hajui, akafungua ufunguo kwenye mkanda wake na kuuweka juu ya pipa, kabla hajaombwa. Mimi nilibaki na kadi mkononi. Jambo linalonitesa ni hili: kwa dakika moja hivi nilijisikia vizuri, kwa sababu wale waliokuwa wananong'ona walikuwa wamenyamaza.

Sasa baba anakunja maturubai pale pale depo. Kamyo yake amepewa kijana aliyewahi kuipeleka mji wa Ngozi kwa kuzunguka Gitega, wakati njia ni ile ya Kayanza. Nyumbani hajanigusia habari ya kadi hata kwa utani, na mimi nimekuwa mwoga, nikimwona anakaa mkekani natafuta kazi jikoni.

Ijumaa iliyopita jirani yetu fundi alipita baada ya sala, akataka kujua mbona siku hizi mzee haonekani barabarani.

"Apana, niliomba mi mwenyewe," baba alimjibu. "Mugongo umechoka. Uliza huyu, anajua yote."

Jirani akanigeukia. Nikasema ndiyo, ni mgongo. Halafu, jamani, nikaongeza kwamba hata daktari alimshauri apumzike, na hakuna daktari aliyemwona.

"Mungu amulinde huyu mutoto," baba alimwambia jirani. "Ananitunza sana."

Hakuwa ananikejeli. Alimaanisha kila neno, na mimi nikamimina chai.