Kumwambia Mama Kuwa Dada Amekufa

Dada yangu tulimzika Mutomo, nyumbani kwa mumewe, ardhi ikiwa ngumu hata wachimba kaburi wakaenda kuazima mtaimbo mwingine kwa jirani. Alikuwa amenizidi miaka mingi. Ndiye aliyenilea. Mama yetu alikufa nikiwa darasa la pili, na kuanzia hapo uji wangu, viraka vya kaptura yangu na viboko vyangu vyote vilitoka mkononi mwa dada.

Kwa watu wa upande wa mama kuna jambo ambalo sijaliona kwa Wakamba wengine, wala sisemi ni la Wakamba wote. Mtoto akifa baada ya mama yake, mmoja wa waliotoka tumbo moja naye huenda kwenye kaburi la mama, akamwambia kwa mdomo, akaweka juu yake jiwe lililotoka kwenye kaburi jipya. Si kuomba wala si kutoa sadaka. Ni kupasha habari tu. Susu, yaani bibi yetu mzaa mama, alikuwa akisema ni aibu mama kusikia kifo cha mwanawe kutoka kwa watu wa nje. Wahubiri wetu hawapendi mambo haya, na mimi ni mtu wa kanisa, lakini sijawahi kuona ubaya wa kumwambia mama ukweli.

Tulikuwa tumebaki wawili, mimi na dada. Kwa hiyo kazi ilikuwa yangu.

Kabla sijaondoka Mutomo, mpwa wangu, binti wa dada, alikwenda kaburini akachagua jiwe mwenyewe. Lilikuwa jeupe, lenye michirizi kama ya damu iliyofuliwa ikabaki kidogo, na ukubwa wake kama nusu mkate. Alilipangusa vumbi kwa leso yake.

"Mjomba, hili lilikuwa upande wa kichwa," akasema. "Mwambie susu hakuteseka sana." Kwake yeye susu ni mama yangu.

Aliteseka sana. Sote wawili tulikuwa tumekaa kando ya kile kitanda.

Shida ni kwamba mama hayuko mahali ambapo mtu huamka tu akaenda. Yuko juu ya mlima, kusini mwa Makueni, ambako baba na wenzake walilima mahindi na maharagwe wakati mimi ni mtoto. Baadaye ikasemwa mlima ule ni wa wanyama, na ndio unaowapa watu wa chini maji, tukashushwa. Sitasimulia ilivyokuwa, kwa sababu mengi niliyonayo nimeyasikia kwa wengine. Ninachokumbuka kwa macho yangu ni baba akiteremka na mlango wa nyumba mgongoni. Mama hakubebeka. Tulikwenda kukaa kwa ndugu za baba kule Kikima, na huko tulikaa miaka yote kama wageni waliochelewa kuaga.

Siku hizi mlima una lango na tiketi. Watu hutoka Nairobi na Machakos kuja kutembea, kulala kwenye hema na kutazama mandhari. Dada alikuwa akisema tutakwenda siku moja. Mwaka huu mvua imekataa, ngoja ujao. Mtoto ana mtihani, ngoja amalize. Tuliendelea hivyo mpaka akashindwa kutembea hata kufika chooni.

Mimi ni fundi wa viatu Wote. Wiki chache baada ya mazishi, mwenyekiti wa vijana wa kanisa letu, mwalimu msichana mwenye sauti ya kupanga watu mistari, aliniletea buti zilizoachia soli. Nikamuuliza anakwenda vitani wapi.

"Tunapanda mlima, mzee. Vijana wote. Tunalala huko, tunaomba, tunaona Kilimanjaro."

Alipoutaja mlima kwa jina, na ndio ule wetu, nilishusha sindano.

"Na wazee mnachukua?"

Alicheka. "Wazee wenye magoti?"

"Magoti ninayo."

Kwa hiyo nilikwenda. Sikumwambia yeye wala mtu mwingine kilichokuwa kinanipeleka. Niliogopa ningeambiwa ni mambo ya mizimu, nibaki nyumbani na jiwe langu.

Langoni askari walipekua mizigo yetu, wakitafuta mifuko ya plastiki. Aliyepata wangu alitoa jiwe, akaligeuzageuza, akawaita wenzake.

"Mzee, hii jiwe ni ya nini? Huko juu zimejaa!"

"Amebeba mto wa kulalia," mwenzake akasema.

"Wacheni mzee. Anaogopa upepo utambeba," wa tatu akadakia.

Vijana wetu nao wakacheka, na mimi nikacheka nao, maana usipocheka utaulizwa zaidi. Wakanirudishia. Kwenye ubao wa pale langoni iliandikwa kwamba mgeni asichukue chochote isipokuwa picha na asiache chochote isipokuwa nyayo. Niliusoma mara mbili. Mama yangu alikuwa ameachwa humo ndani, na hakuna aliyeniuliza.

Tulipanda asubuhi yote. Nyasi zilikuwa ndefu na mbichi, na ukungu ulikuwa ukipita chini kwa chini kama moshi wa jikoni. Mtu wa Makueni akiona kijani namna ile huanza kuongea kwa sauti ya chini, kama yuko kwa mwenye mali. Vijana walisimama kila kona kupiga picha. Aliyetuongoza, kijana mstaarabu mwenye fimbo, alituonyesha mteremko uliokatwa ngazi ngazi, akasema ngazi zile zilifanyika zamani mlima ulipotapika moto.

"Mungu ni fundi!" msichana mmoja akapaza sauti, wengine wakapiga makofi.

Ilikuwa mitaro ya shamba. Wanawake wa mwethya, waliokuwa wakizunguka shamba hadi shamba wakichimbiana kwa zamu na kuimba, ndio walioikata. Mama alikuwa mmoja wao, nami nilikuwa nikikaa juu ya udongo uliotupwa kando, nikila muhogo. Sikumrekebisha yule kijana. Alivyofundishwa ndivyo alivyosema, na pumzi yangu nilikuwa naihitaji.

Kambi iko mahali tambarare chini kidogo ya kilele. Nilipotokeza pale nilijua nilipo kabla sijajua nimejuaje. Kisha nikauona mti. Mlima ule hauna mto wala kisima. Maji yake yote huzama kwenye mawe meusi yakatokea kwa watu wa chini. Sisi tuliokaa juu tulikinga ukungu. Baba alikuwa amefunga waya kuzunguka mti mkubwa karibu na nyumba, akachomeka majani ya mkonge yawe kama mifereji, na ukungu ulioganda kwenye matawi ulishuka polepole mpaka kwenye pipa. Majani na pipa havikuwepo. Waya ulikuwepo. Mti ulikuwa umeumeza, umebaki kovu la kuzunguka shina, na upande mmoja ncha yenye kutu ilitokeza. Niliishika.

Kaburi la mama lilikuwa upande wa machweo wa mti ule, umbali wa kutupa jembe. Baba alilirundikia mawe na kusimamisha bapa moja kichwani, lililokuwa limekatika pembe.

Nilipogeuka kutazama, hapo ndipo palikuwa na jiko la kambi. Mawe yalikuwa yamepangwa duara, meusi kwa masizi ya miaka, na katikati majivu. Lile bapa lilikuwa limelazwa pembeni, limekatika pembe vile vile, na msichana wa kwetu alikuwa amepiga magoti mbele yake anakatia vitunguu juu yake.

Sikupiga kelele. Nafikiri watu hutarajia mtu apige kelele. Nilikaa chini, wakadhani ni uchovu, wakaniletea maji.

Baadaye nilimwita mwenyekiti wa vijana kando, nikamwambia yote: nyumba, mti, mama, dada, jiwe. Alisikiliza vizuri. Alishika kifua.

"Woi, mzee. Pole. Pole sana." Akatazama hema, zilikuwa zimeshasimama zote. "Lakini saa hii hatuwezi hamisha kambi. Na moto ni lazima uwe hapa tu, ndiyo sheria yao."

"Sijasema mhame."

"Sasa unataka tufanye nini?"

Ukweli ni kwamba sikujua. Nilitaka kusiwe na watu. Nilitaka iwe jana, au miaka thelathini nyuma, au dada awe ndiye amesimama hapo anauliza. Nikasema, "Nataka nikae hapo peke yangu kidogo."

"Chakula kikishaiva," akasema. Halafu uso wake ukang'aa, na najua alinitakia mema. "Mzee, huu ni ushuhuda! Kuja kuonana na mama yako mlimani! Simama hapo kwa mawe tukupige picha. Shika hiyo jiwe. Tabasamu kidogo basi, usikae kama uko polisi."

Nikasimama. Nikashika jiwe. Nikatabasamu. Hakuna aliyenishikia kisu. Mtu aliyezoea kuambiwa simama hapa, kaa pale, huwa ameshasimama kabla hajafikiri.

Baada ya picha nililiweka jiwe la dada chini, karibu na bapa, nikingoja nafasi yangu. Sufuria ya wali ilikuwa inayumba juu ya moto. Yule msichana wa vitunguu aliona jiwe safi, lenye kimo kizuri, akalisukuma kwa kijiti chini ya sufuria.

"Asante, mzee! Hii umeleta ya maana. Zingine hapa ni mbovu."

Nilinyoosha mkono, lakini lilikuwa tayari limeingia motoni. Ningeweza kusema. Wangelitoa, wangeomba msamaha, wengine wangelia, na kungekuwa na maombi ya kunizunguka na mikono mingi juu ya kichwa changu. Nikaona heri wali uive.

Walikula pale pale, wamekaa juu ya mawe. Nafasi ya kukaa peke yangu haikuja, kwa sababu walipomaliza kula walianza mapambio, na gitaa lilikuwepo, na jua lilikuwa linashuka upande wa Tanzania na kila mtu alitaka kuliona kutoka penye joto. Nikaelewa kwamba nikingoja utulivu nitashuka bila kusema. Kwa hiyo nilisogea katikati yao, nikainama karibu na moto kama mtu anayepasha mikono joto, nikasema kwa Kikamba, polepole, maneno ambayo nilikuwa nimeyapanga tangu Mutomo. Mengi yalinipotea. Nilisema, mama, ni mimi mdogo. Nilisema, yule mkubwa wako amekuja huko, mpokee. Nilisema, alinilea, hakuniacha nilale njaa. Nilitaka kumweleza ugonjwa nikashindwa, kwa kuwa msichana aliyekaa juu ya jiwe lililokuwa karibu na mdomo wangu alikuwa akipiga makofi.

Kijana wa gitaa aliona midomo yangu inatikisika.

"Amen, mzee!" akaita. "Omba, baba, omba!"

Na wote wakaitikia.

Asubuhi ukungu ulifunguka. Kilimanjaro ilionekana yote, na theluji yake, karibu kiasi cha kukutisha. Mwenyekiti wa vijana alilia kwa uzuri wake. Wenzake walipanga mistari wakapigana picha wakiruka. Mimi nilikuwa jikoni napekua majivu. Jiwe la dada lilikuwa limepasuka vipande viwili kwa moto na kuwa jeusi kama mengine. Nikaanza kuyarundika mawe upya, bapa nikilisimamisha kichwani, lakini yule kijana mwenye fimbo alikuja, akaniambia kwa heshima kwamba jiko huachwa lilivyo, kuna wageni wengine wanapanda leo.

Nikamuuliza kama anajua pale palikuwa nini.

"Ni kambi, mzee," akasema. "Tangu nianze kazi."

Sikuwa na ugomvi naye. Alinisaidia hata kurudisha bapa lilivyokuwa. Nilivisukuma vile vipande viwili kwenye duara pamoja na mawe mengine, kwa sababu kama kaburi la mama limebaki mahali popote, limebaki katika mawe yale, na jiwe la dada lilipaswa kuwa juu yake. Ndivyo nilivyojiambia. Kisha nikachukua mkoba, ukiwa mwepesi, nikateremka nao.

Picha yangu iliwekwa kwenye kundi la simu la kanisa, ikazunguka, watu wakaweka mioyo na mikono ya maombi. Kabla wiki haijaisha ikafika Mutomo. Mpwa wangu akapiga simu nikiwa kibandani nashona.

"Mjomba, nimeona picha. Umependeza."

"Asante."

"Kuna nyingine. Watu wanapakua wali." Nilisikia mbuzi nyuma yake, na mtu akimfukuza. "Ile jiwe iko chini ya sufuria ni yetu?"

Ningeweza kumwambia mawe yanafanana. "Ni yetu," nikasema.

"Nani aliiweka hapo?"

"Waliiweka hawajui. Nikawaacha."

Nilingoja anitukane. Ana haki hiyo, ni mtoto wa dada yangu. Mteja aliyekuwa amesimama mguu mmoja akingoja kiatu chake aliegemea nguzo ya kibanda.

"Lakini susu ulimwambia?"

"Nilimwambia."

"Alisikia?"

Mimi simdanganyi mtoto huyu. Nimeshamdanganya mama yake kitandani, nikimwambia atapona.

"Sijui, mama," nikasema. "Kulikuwa na kelele."