Uongo niliompa Auma juu ya ng'ombe wangu

Leo nimemdanganya binti yangu, na yeye akauandika huo uongo kama ukweli.

Mnamjua Auma wangu, yule wa digrii ya mifugo. (Hapo tayari nishaanza kujisifu.)

Alikuja na wenzake hapa Lambwe kutoa ng'ombe damu, wangu watatu wakiwemo. Wanaihifadhi kwenye baridi, wachunguze ni kitu gani ng'ombe wengine huzaliwa nacho hata ugonjwa wa mbung'o usiwaangushe.

Majirani walikuwa wamejaa kwa boma yangu.

"Mama, huyu mwekundu amewahi kudungwa dawa ya mbung'o?" Auma akaniuliza.

Nikatunisha kifua. "Huyu? Sindano hata haijui."

Jirani yangu Mama Odhis akasema, "Wacha mbung'o waogope boma hii." Watu wakacheka. Auma akaandika, akatabasamu.

Jamani, huyo ng'ombe alidungwa mwaka jana mara mbili. Alikuwa amelala chini, mimi nalia kando yake kama nimefiwa.

Gari yao ilipoondoka, nilichukua simu. Nikampigia.

"Auma nyathina, mwanangu, yule mwekundu alitibiwa. Nilikuwa najigamba tu."



"Sawa, Mama. Nitarekebisha. Na wale wengine wawili?"

"Hao hawajawahi kutibiwa."

"Kweli, Mama?"

Tangu nimzae, Auma hajawahi kuniuliza hivyo.

Wamama wenzangu, nyinyi mngemjibu nini? Mimi nilisema "kweli" na sauti ikanitetemeka, na ulikuwa ukweli mtupu.