Uso wa Methusela

Methusela alikufa akiwa mwigizaji ambaye hakuna mtazamaji aliyeujua uso wake, na mimi nilicheza naye filamu zote. Nalisema mapema ili mtu asije akasoma hadi katikati akitegemea harusi.

Alizaliwa Mlali, huko Kongwa, kwa wakulima wa mtama na alizeti. Alikuja Dodoma mjini wakati serikali imehamia na kila mwenye kiwanja anajenga, akawa fundi rangi. Alikuwa mrefu, mwembamba, mikono inakaribia magoti. Mtaani kwetu Nkuhungu tulimwita Twiga, naye akiitika kwa furaha, maana hakuwa mtu wa kununa.

Jirani yetu Fabian alikuwa mpiga video za harusi na kipaimara. Siku moja akaamua kuwa yeye sasa ni mwongozaji wa filamu, na filamu zenyewe ziwe za viumbe kutoka sayari nyingine. Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Akatueleza: filamu ya mapigano inataka magari, ya mapenzi inataka warembo na nguo, lakini familia maskini iliyotembelewa na kiumbe inataka nyumba yake yeye Fabian, sisi majirani, na mtu mrefu. "Kiumbe hana haja ya kujua kuigiza," alisema. Alikosea, ila Fabian alikosea mambo mengi.

Mimi nilipewa umama wa familia kwa sababu najua kupiga yowe. Ni muuza chapati tu, lakini nikipiga yowe kuku wa mtaa wa pili wanaingia ndani. Baba wa familia alikuwa Bartolomayo, fundi viatu, ambaye kazi yake ilikuwa kushika panga na kutetemeka. Kiumbe akawa Methusela. Vazi alilitengeneza mwenyewe: sponji la godoro kuukuu, rangi ya fedha iliyobaki kwenye geti la mtu, macho ya vioo vya indiketa za pikipiki. Mgongoni alibeba chupa ya hewa ya huko kwao angani, na kutoka kwenye chupa ulishuka mrija wa dripu hadi mdomoni. Ndani ya chupa tulitia juisi nyekundu ya rozela, maana iling'aa vizuri juani, na kazi ikiisha tuliinywa.

Na aliigiza, mtu asikudanganye. Ndani ya lile sponji, jua linawaka, alijifunza kuinamisha kichwa hivi kidogo, ukaona kabisa kiumbe kina upweke. Kwenye vibanda umiza, vile vya kuangalizia video, watu walianza kwa kumzomea, kisha katikati wakanyamaza. Niliwaona mimi mwenyewe.

Tatizo lilikuwa nyumbani kwao. Mama yake, Mama Lea, alikuwa amewaambia watu wa Mlali kwamba mwanawe anacheza sinema. Krismasi moja Methusela alimpelekea filamu zetu, wakaziangalia pamoja kwenye simu, moja baada ya nyingine.

"Nzuri," mama alisema zilipokwisha. "Wewe uko wapi?"

"Huyu hapa, mama. Mwenye macho ya njano."

"Huyo ni shetani, mwanangu. Nakuuliza wewe."

Alitusimulia huku anacheka, lakini safari ile alirudi amepoa. Majirani wa Mlali walikuwa wanasema anadanganya, kazi anayoifanya mjini haijulikani, na maneno hayo mama yake aliyasikia kila siku. Lilimuuma. Akamwambia Fabian, "Filamu ijayo nataka uso. Mara moja tu, mama anione."

Fabian alinung'unika, kisha wazo likampendeza. Akatunga kisa cha familia inayokaa kando ya maji. Kiumbe kinatokea, mama anapiga yowe, baba anachukua panga, halafu kiumbe kinavua kichwa: kumbe ni mtoto wao aliyepotea zamani, walimchukua watu wa angani wakamlea. Methusela alikuwa na maneno matatu ya kusema: "Mama, ni mimi." Aliyafanyia mazoezi hadi wateja wakadhani amechanganyikiwa. Mtu amesimama mbele ya ukuta mbichi, brashi mkononi, anauambia ukuta, "Mama, ni mimi."

Tukaenda upande wa Mtera, kwa kuwa Fabian alitaka bwawa lionekane nyuma. Kijiji sikitaji, kina watoto wanaosoma. Tulikwenda na gari la kukodi, Noah nyeusi. Kiangazi kile maneno yalikuwa yamezagaa vijijini kwamba kuna watu wanapita na gari wakinyonya watu damu kwa mirija, damu inakwenda kuuzwa. Sisi wa mjini tulikuwa tunayasikia na kuyacheka. Bartolomayo hakucheka. Alimwambia Fabian, "Tupite kwanza kwa mwenyekiti wa kijiji, tujitambulishe."

"Mwanga utapotea," Fabian akajibu. "Tutampitia tukimaliza."

Mwanga! Ilikuwa asubuhi, jua hata halijapanda vizuri.

Tulikuta tembe iliyoachwa, kando ya shamba lililokwisha kuvunwa. Tukajipanga. Fabian akaniambia, "Dada Raheli, leo nataka yowe la kweli." Nikampa la kweli. Hakuridhika, tukarudia, nikatoa jingine kubwa zaidi.

Mtu yeyote aliyekulia kijijini anajua yowe la mwanamke ni wito. Ukilisikia unaacha jembe, unaacha chakula, unachukua kilicho karibu unakimbilia lilikotoka. Mimi nimekulia Bahi, jambo hilo nalijua tangu utotoni, na mbele ya kamera ya Fabian halikunijia hata kidogo. Nilikuwa nafikiria kama sauti yangu inatoka vizuri.

Walikuja kutoka pande zote, wanaume wenye fimbo na mashoka, wengine na makasia ya mitumbwi. Walipomwona Methusela walisimama. Nasema nilichokiona kwa macho yangu: waliogopa. Wa mbele walianza kurudi nyuma, wakigongana na wa nyuma. Angebaki vile vile na sponji lake na yale macho, akawasogelea kidogo tu, wangetimua mbio wote, na leo angekuwa anapaka nyumba ya mtu rangi.

Lakini alikuwa Methusela. Aliona wameogopa, akawaonea huruma. Akavua kichwa cha sponji, akakikumbatia kifuani. Jasho lilikuwa linamtiririka. Akatabasamu, akawaamkia kwa Kigogo, "Mbukwenyi!"

"Ni mtu!" mmoja akapaza sauti. "Kumbe ni mtu!"

Wakamvamia. Shetani unamkimbia. Mtu aliyeficha uso, anayejua lugha yenu, mwenye chupa nyekundu na mrija, na pembeni yake mwanamke analia, huyo unajua amekuja kufanya nini. Nilijitupa kati yao nikisema ni mchezo, ni sinema, hiyo ni rozela, onjeni! Wanawake wakanidaka. Walinifunika khanga, wakanikumbatia kwa nguvu, wakiniambia pole mama, pole, ameshakamatwa. Mmoja alinifuta machozi kwa upindo wa nguo yake. Upole wa mikono ile nauchukia hadi leo. Kila nilipozidi kupiga kelele, wanaume walizidi kupiga.

Bartolomayo alivunjwa mkono akijaribu kumlalia mwenzake ili amkinge. Fabian alikuwa amejifungia ndani ya Noah. Methusela alisema mara kadhaa, "Jamani, ni mimi," utadhani watu wale walikuwa wanamjua. Baadaye hakusema tena.

Mwenyekiti wa kijiji alifika, polisi wakafika, na mmoja wa waliopiga akaiokota ile chupa. Akanusa. Akachovya kidole, akaonja. Akaiweka chini taratibu, akaenda kukaa kwenye ukuta wa tembe, na hapo alikaa hadi polisi walipomnyanyua.

Tulimzika Mlali. Wazee wa ukoo na wa kanisa walikubaliana kwamba jeneza lisifunguliwe, na mchungaji akatangaza kuwa tutaaga kwa kupita na kugusa mbao tu. Kila mtu alijua kwa nini. Nyuma yangu kulikuwa na watu wanaong'ong'ona, tena kwa sauti ya kusikika, kwamba huenda kulikuwa na jambo, watu hawawezi kumpiga mtu hivi hivi, na kazi yake kule mjini nani aliyewahi kuiona. Niligeuka nikawatazama. Wakaendelea.

Mama Lea aliinuka kwenye mkeka.

"Fungueni."

"Bibi, tulishakubaliana," mchungaji akasema.

"Na nani? Mimi ndiye niliyemzaa. Fungueni."

Mchungaji alimsogelea, akashusha sauti. "Hali yake si nzuri, bibi. Itakukaa moyoni maisha yako yote."

"Sinema zake niliziangalia zote nikimtafuta," Mama Lea alisema. "Leo yumo. Fungueni."

Wakafungua. Alimtazama kwa muda mrefu bila kulia. Aliinama, akamwambia jambo ambalo sikulisikia, akamrekebisha kola ya shati. Kisha akasimama upande wa kichwani, akasema kila mtu apite, na akipita atazame. Hakuna kugusa mbao.

Watu walipita. Wale wa nyuma yangu walipita pia, wakatazama. Nikapita mimi. Nilichokiona siwezi kukieleza, na hata ningeweza nisingekieleza. Nilimwambia, "Twiga, nisamehe."

Fabian alikuwa wa mwisho kabisa, amejibanza penye nguzo ya turubai. Alikuja kwa haraka, macho kwenye viatu vyake, akataka kupitiliza. Mama Lea akamshika mkono.

"Wewe ndiye wa sinema?"

"Ndiyo, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Mwanangu alikuomba uso wake uonekane."

"Ndiyo, mama."

"Basi inua kichwa."

Fabian aliinua. Alitazama, akataka kurudi nyuma, lakini yule mama hakumwachia mkono, na pale msibani hakupatikana mtu wa kumwambia imetosha.