Daraja Lililokosa Mwenyewe

Elius Festo Mlowe, wa Kitandililo. Babu yake alichimba kwa jembe njia ya kushuka mtoni. Baba yake, mzee Festo, alilaza magogo ya kwanza juu ya maji. Elius mwenyewe, mume wangu, aliendesha greda enzi zile Njombe ni wilaya moja pana, na Makambako yetu imo humo ndani. Kuanzia Matembwe hadi huku kwetu, hakuna tope ambalo halikumjua.

Kisha wilaya ikagawanywa. Sisi tukawa watu wa mji, wenzetu wa ng'ambo ya mto wakabaki wilayani. Mpaka ukapita pale pale darajani. Zamani mvua zikikaribia tulilitengeneza pamoja kwa mgowe, kazi ya kuitana, mwenye kuita anapika pombe na chakula. Baada ya kugawanywa, huku tukasema daraja ni la wenzetu, wenzetu nao wakasema ni letu. Magogo yakaoza, kila mtu anatazama.

Mwaka jana mjukuu wetu Rejoice, aliyeolewa ng'ambo, alikaribia kujifungua. Daktari alishasema huyu ni wa kupasuliwa, asithubutu kuzalia nyumbani. Na gari la kumleta hospitali huku kwetu lisingevuka.

Elius akaniambia, "Mama Aneth, pika komoni."

"Ya mgowe wa nani? Wa mji au wa wilaya?"

"Wa Rejoice."

Akavuka kwa miguu kwenda kuwaita. Walikuja, na maneno yao.

"Kamwene, watu wa mjini!" akatania Manase, baba mkwe wa Rejoice. "Shoka bado mnajua linashikwa wapi?"

"Beba gogo wewe," Elius akamjibu. "Mdomo haujengi daraja."

Sisi Wakatoliki tulikunywa komoni, Walutheri togwa isiyolevya, ingawa vikombe vingine sikuvichungulia.

Wiki hiyo hiyo gari likavuka, Rejoice ndani, mimi nimemshika mkono. Mama mzima, mtoto mzima. Pale kwenye benchi la hospitali nilivua viatu nikacheka peke yangu, watu wakanishangaa. Wanishangae tu.

Juzi Elius alimwita Aneth, kitinda mimba wetu.

"Magoti yangu hayashuki tena mtoni. Kuanzia mwaka huu mgowe utauita wewe, kabla ya mvua."

"Baba, watanisikiliza mimi?"

"Anzia ng'ambo. Wa huku watakuja kwa wivu."