Mzee Kuria Aombea Kifua cha Clifford

Kila asubuhi Namalwa alitembea kutoka Kangemi hadi Muthangari kwenda kufungua madirisha ya watu. Kufua na kupiga deki kulifuata baadaye. Madirisha yenyewe kumi na moja, likiwemo la chumba ambacho hakilali mtu, kinalala viatu. Upepo wa nyumba ile, haki ya nani, ungembeba askofu na kanzu yake. Stacy, mtoto wa mwenye nyumba, alikohoa siku tatu, akapona, akarudia baiskeli yake.

Clifford wa Namalwa alikuwa na miaka minne kama Stacy, na kikohozi kilikuwa kilekile. Chake kilikaa miezi mitatu. Kilitingisha mabati ya chumba chao cha kupanga mpaka kuku wa ploti wakataga kabla ya siku zao. Akivuta pumzi, unahesabu mbavu.

Kliniki, nesi alimsikiliza kifua akakunja uso. "Mama Clifford, huyu mtoto asikae kwa moshi. Pikia nje. Na ufungue dirisha."

"Dirisha gani, sista?"

Nesi akadhani ni ujeuri, akamfokea mbele ya foleni nzima kwamba akina mama wa siku hizi ni wavivu. Mvivu, Namalwa!

Dirisha lilikuwepo zamani. Mwenye ploti, Mzee Kuria, akaona ukuta ule unakaa bure, akaegemeza chumba kingine hapo na kumpangisha Oduor. Dirisha likabaki linatazama kitanda cha Oduor, na Oduor, mtu wa heshima zake, akalipigilia mbao. Kupikia nje nako? Kibaraza chote Kuria alikijaza mbao za ujenzi. Namalwa alipolalamika, aliambiwa, "Mama Clifford, hewa hutoka kwa Mungu." Kuria mwenyewe aliivutia kwake Kabiria, kwenye nyumba ya mawe yenye roshani.

Lakini Kuria alikuwa pia mzee wa kanisa, na mtoto wa mshirika akiugua, mzee wa kanisa sharti aje kuombea, na akija sharti anywe chai. Basi Jumapili moja ya mvua Namalwa akaita wenzake sita wa ushirika wa akina mama, akampeleka Clifford kwa jirani yake Wahu, akakoleza jiko la makaa humo humo ndani, akainjika sufuria.

Kuria akaingia na Biblia kwapani. "Mgonjwa yuko wapi?"

"Kwa Wahu, Mzee. Wewe omba tu, Mungu anajua ploti."

Mlango ukarudishwa. Walisema ni kwa sababu ya mvua. Kuria, ambaye kanisani sala yake moja huivisha githeri ya mahindi makavu na maharagwe, akaanza, "Baba, tunakushukuru kwa hewa..." Akakohoa. Akaanza upya. Akakohoa tena.

"Endelea, Mzee," Kamene, mmoja wa wale sita, akasema huku machozi yakimtoka, "bado hujafika kwa mtoto."

"Fungueni mlango!"

"Kabla ya amina?" Namalwa akauliza. "Clifford huvumilia mpaka ugali uive."

Mzee alitoka mbio, akainama mvuani, mikono magotini, akakohoa mpaka meno yake ya bandia yakatua barabarani Waiyaki Way. Namalwa akamfuata na kikombe cha chai.

"Mzee, nitoboe bati juu ya mlango, nihamishe na hizi mbao zako nipikie kibarazani. Ndiyo ama hapana?"

Sauti ilikuwa imekauka, Kuria akapunga mkono. Mkono ule ulikuwa wa kukataa, hata kipofu angeona. Wanawake sita wakaapa kwamba mzee amekubali. Kamene na wenzake wakabeba mbao, na Oduor akaja na nyundo na patasi bila kuitwa. Shimo likatokea juu ya mlango, pana kama sinia, na jiko likatoka nje.

Wiki ile Clifford bado alikohoa, ila alilala bila kukalishwa wima. Watu wakampongeza Namalwa kwa ujanja wake. Hakucheka. Mbavu za mtoto wake zimehesabika miezi mitatu, na kumbe ilikuwa kazi ya nusu saa.