Kilio cha Mama Yangu Kilipigiwa Makofi Lewisham

Admin, ficha jina langu tafadhali, maana akina dada wa kanisani kwetu hapa Edmonton, London, wanasoma page hii kuliko wanavyosoma Biblia.

Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na sita, Mtanzania, natunza wazee kwenye care home. Sijaolewa, na msianze kuniombea mume, shida yangu siyo hiyo. Shida yangu ni kwamba najichukia. Nikijitazama kwenye kioo naona kinyaa, na nataka mjue kwa nini kabla hamjanihurumia.

Nilikuja London miaka ya tisini kusoma. Chuo cha jioni nikakutana na Mzungu mmoja, nimwite Dan, tukaanza kupiga muziki pamoja. Msidhani ni muziki wa kucheza. Tulikuwa tunapanda chumba cha juu cha baa moja Walthamstow, Jumapili mchana, watu ishirini wamekaa sakafuni wamefumba macho, sisi tunawasikilizisha mlio wa friji dakika arobaini. Wakimaliza wanapiga makofi! Na mimi nilipenda, sitawadanganya. Katika nchi hii nilikuwa msafisha vyoo wa ofisi, lakini mle ndani nilikuwa mtu.

Tulikuwa na sheria yetu. Kila wiki mmoja analeta kaseti ya sauti alizookota, mwenzake anaziingiza kwenye sampler, mashine inayomeza sauti na kuitapika vipande vipande. Hakuna kuuliza sauti imetoka wapi. Mimi nilirekodi wauza samaki wa sokoni, mfuniko wa sufuria, breki za basi. Watu walisifu, ila kila mara walimalizia kwa kuniuliza mbona sileti kitu cha kwetu.

Basi baba yangu akafariki. Makaratasi yangu yalikuwa bado hayajatoka, ningeondoka nisingerudi. Kaka akafanya kama wengi walivyokuwa wakifanya enzi zile, akarekodi msiba mzima kwenye kaseti na kunitumia, ili na mimi nilie na wenzangu. Upande wa pili wa kaseti kulikuwa na mama, pale kaburini. "Mzee wangu, umeniacha na nani? Mwanao wa Ulaya hakuja hata kukutupia udongo. Sikuzaa mtu mimi, nilizaa jiwe. Jiwe!" Nilisikiliza mara moja, nikaitupa kaseti chini ya kitanda.

Miezi miwili baadaye ilikuwa zamu yangu ya kuleta sauti. Ningeweza kurekodi chochote, hata mvua. Nikampa Dan kaseti ile. Nikamwambia upande wa pili kuna sauti nzuri. Hakuuliza, sikumwambia. Ningependa kusema huzuni ilinichanganya, lakini nilijua kabisa kwamba watu wataipenda, na nilitaka waipende.

Tukapiga kwenye ukumbi mmoja Lewisham. Dan alikuwa amemvuta mama yangu polepole kwenye mashine, sauti ikawa nene, akalikata lile neno akalirudiarudia, jiwe, jiwe, jiwe, na wale watu wanatikisa vichwa taratibu wanatabasamu. Mmoja akanifuata baadaye kuniuliza kama ni wimbo wa kubembeleza watoto. Nikamjibu ndiyo, wa asili kabisa. Yaani sikusita hata kidogo.

Jikoni kulikuwa na mama mmoja wa Kikongo, anauza chai. Akatoka na kitambaa cha vyombo mkononi, akanisogelea.

"Dada, ule mama analilia bwana yake. Juu ya nini bale batu banapiga makofi?"

Nikajifanya nakunja nyaya.

"Unamujua ule mama?"

"Simjui," nikasema.

Alinitazama kama mtu aliyekanyaga uchafu, akarudi jikoni. Alikuwa na haki. Muziki nikauacha siku ile ile.

Dan nilipomwambia ukweli, mnajua alisema nini? Kwamba sasa kazi imekuwa na nguvu zaidi. Nguvu! Na mwaka huu ameiweka kwenye mtandao, watu wanaandika chini yake kwamba inawaletea usingizi mzuri. Nimemwomba aitoe. Anasema ni kazi yetu wote wawili na kaseti nilileta mwenyewe kwa mikono yangu. Jamani, namchukia kwa sababu hajakosea.

Sasa mama yuko hapa kwangu, amekuja kunisalimia miezi mitatu. Juzi tunachambua mboga, akaweka kisu chini.

"Mwanangu, ile kaseti ya msiba, uliisikiliza yote?"

"Niliisikiliza, mama."

"Niliongea vibaya sana siku ile. Uchungu tu. Miaka yote hii sina amani, nasema mwanangu kakaa ugenini peke yake na maneno yale. Unisamehe." Akashika mkono wangu, machozi yanamtoka. "Uichome, mwanangu. Naona aibu, mtu asije akaisikia. Uliisikia peke yako, eti?"

"Peke yangu, mama."

Akashusha pumzi ndefu. Jioni ile aliimba jikoni, kitu ambacho hakikuwa kimetokea tangu afike, na akanipakulia mimi kwanza kama mgeni wa heshima.

Nimwambie, mama wa miaka sabini, kwamba aibu yake imewekwa wazi dunia nzima na aliyeiweka ni mimi? Au niendelee kula chakula chake na kupokea msamaha anaoniomba yeye? Amebakiza wiki mbili kuondoka. Semeni nanyi, hata mkinitukana nitasoma yote.